Zawadi ya Mama Mkwe

Mkasi hakuwahi kumbishia mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Ndivyo alivyofundishwa na marehemu baba yake, ambaye naye alikuwa kinyozi: kichwa kilicho chini ya wembe hakibishiwi, maana kikibishiwa kitageuka, na kikigeuka damu itatoka na mteja hatarudi. Kwa hiyo mteja akisema mwaka huu mvua hakuna, Mkasi alijibu, "Ndiyo kabisa." Akikaa mwingine na kusema mwaka huu ni mafuriko, "Ndiyo kabisa." Watu walitoka pale wamenyolewa vizuri na kukubaliwa vizuri, na wengi hawakujua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichokuwa kinawarudisha.

Ubaya wa mazoea hayo ni kwamba mtu akikubali kila kitu kwa mdomo kutwa nzima, ikifika jioni baadhi ya yale maneno yamekwisha kumwingia.

Nyumba alimonyolea ilikuwa ya baba yake. Ukiingia unakuta korido ndefu imepita katikati hadi uani. Mkono wa kulia kuna sebule na vyumba vya kulala. Mkono wa kushoto, mbele, ndipo penye chumba cha kunyolea, chenye dirisha la barabarani na kioo kikubwa kilichopata ufa pembeni siku ya kutundikwa. Nyuma ya hicho ndicho chumba cha baba, alicholala akiugua mpaka akafa. Aliyemuuguza ni Dada, mtoto mkubwa, fundi wa kushona mashuka na foronya. Alifunga cherehani yake, akahamia pale, akamgeuza mzee kitandani, akamlisha, akamwosha, hadi siku ile alipomfumba macho. Baada ya mazishi alirudi kwenye chumba cha kupanga, na Mkasi akaenda kuiandikisha nyumba kwa jina lake peke yake. Alisema ni kurahisisha mambo. Na kweli yalikuwa rahisi, kwake.

Siku moja Dada akaja, akasimama mlangoni pa chumba cha kunyolea wakati hakuna mteja.

"Mdogo wangu, mimi sitaki makuu. Nipe kile chumba cha baba tu, niweke kitanda changu na cherehani. Kule ninakopanga paa linavuja mpaka kwenye vitambaa vya watu."

Mkasi akajifanya anapangusa kitana. "Dada, kile nakihitaji. Nataka kuweka sinki la kuoshea nywele."

"Sinki?"

"Wateja wa siku hizi wanapenda kuoshwa."

Dada akamtazama kwenye kile kioo, si usoni. "Basi mimi niliyemwosha baba yako nikae kwenye mvua, ili vichwa vya watu vipate pa kuoshewa."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, Mkasi angejua la kufanya, maana kelele alizizoea. Akaenda zake taratibu, na alikokwenda ni mahakamani. Tarishi alipoleta wito, Mkasi aliusoma mara ya kwanza haraka haraka na mara ya pili polepole, na mara zote mbili ulisema vile vile: Dada hakutaka tena chumba. Alitaka nusu ya nyumba, kama mtoto wa marehemu.

Mteja aliyekuwa kitini wakati huo alikuwa Kifungu. Huyu bwana alipewa jina hilo kwa sababu hakuweza kuomba hata maji ya kunywa bila kutaja kifungu cha sheria. Hakusoma sheria popote. Aliijulia kwenye mabenchi ya mahakama, kwa kuwa alikuwa na kesi ya mpaka na jirani wa mashariki, kesi ya mpaka na jirani wa magharibi, na kesi na shemeji yake iliyohusu mlango. Zote alikuwa anashindwa, lakini alishindwa kwa kujiamini sana hivi kwamba watu walidhani anashinda.

"Hebu nisomee hiyo karatasi," alisema, povu limemjaa shavuni.

Mkasi akamsomea.

Kifungu akacheka. "Hili ndilo linakutoa jasho? Sikiliza. Wanakudai nyumba. Ukiwa huna nyumba, watakudai nini?"

"Ndiyo kabisa," akasema Mkasi.

"Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kitu ambacho si chake. Iko kwenye kifungu. Iandikishe kwa mtu mwingine leo, kesho uende mahakamani na mikono mitupu. Mheshimiwa, mimi mwenyewe naishi kwa watu! Dada yako atabaki anaidai hewa."

"Ndiyo kabisa. Nimwandikishe mke wangu?"

"Mke? Wee! Mke ndiye wa kwanza kushukiwa. Tafuta mtu wa mbali kidogo, mpole, asiyejua mambo. Mama mkwe yupo?"

"Yupo."

"Basi. Nani duniani atamshuku mama mkwe?" Akainua kidevu ili anyolewe shingo. "Kesi ikiisha, anakurudishia. Mwisho wa habari."

Mkewe Mkasi, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, alipoelezwa jambo hilo alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja mpaka shati likawa dogo kama leso.

"Baba Pacha, wewe mama yangu unamjua?"

"Nitaachaje kumjua? Mama mpole, hata sauti yake hatuisikii."

"Wewe unamjua akija ugenini. Mimi nimekulia kwake."

"Ni kwa muda tu. Wewe utamweleza kwamba ni geresha."

"Mimi?" Mama Pacha akalitua lile shati. "Zawadi utoe wewe, aibu niende kuieleza mimi? Mweleze mwenyewe. Au umwachie wifi kile chumba, tulale."

Hapo ndipo Mkasi alipokwama, na hakutaka kukubali kwamba amekwama. Kwa maana mbele ya mama mkwe wake Mkasi hakuwa mtu wa maneno. Tangu aoe, heshima ya ukwe ilimfunga: hakumpa mkono, hakukaa naye chumba kimoja, na akizungumza naye alizungumza na sakafu. Sasa mtu anayezungumza na sakafu ataanzaje kusema, "Mama, ninakuandikisha nyumba, lakini ni uongo"? Alijaribu. Akasafiri hadi kwake, akasimama nje ya mlango, akaitazama ardhi mpaka akamjua kila siafu, na yaliyotoka mdomoni yalikuwa haya: "Mama, nimefikiri, nataka nikupe ile nyumba."

Ndani akasikia mtu analia.

"Baba yangu wee," sauti ikasema. "Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunipa hata kigoda. Watoto wangu wa kuzaa wananiletea sabuni. Wewe, mtoto wa watu, unanipa nyumba!"

Hapo ndipo Mkasi alipotakiwa kusema neno lile la pili, kwamba ni uongo. "Ndiyo kabisa, mama," akasema.

Walikwenda ofisi ya ardhi. Karani aliuliza kama ni zawadi au ni mauzo, Mkasi akasema ni zawadi. Akauliza kama kuna mgogoro wowote juu ya nyumba hiyo, na Mkasi akapata kikohozi kikali sana. Karani, aliyekuwa anatamani kwenda kula, akagonga muhuri. Mama Mkwe akatia sahihi polepole kama anayedarizi. Mkasi alirudi nyumbani anapiga mluzi. Usingizi aliolala siku hiyo hakuwahi kuulala tangu wito uingie.

Wiki haijaisha, gari dogo la mizigo likasimama mbele ya nyumba. Kikashushwa kitanda, jiko, mitungi, kabati lisilo na mlango mmoja, na mwisho Mama Mkwe mwenyewe, amejifunga kanga mpya.

"Nimeona si vizuri," alimwambia binti yake, kwa sauti ambayo sasa ilisikika hadi kwa majirani. "Mtu anapewa nyumba halafu anakaa mbali nayo! Mtoa zawadi ataniona sina shukrani."

Mama Pacha akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama sakafu.

Siku za kwanza Mama Mkwe alifagia tu. Alifagia nyumba nzima, akachungulia kila pembe, akagonga kuta kwa kidole kama anayechagua tikitimaji. Kisha akaanza kuwa na maoni. Sebule ikageuzwa ikawa chumba chake, kwa kuwa ina hewa. Mkasi, ambaye hawezi kukaa alipo mama mkwe wake, akawa anakula uani, sahani mapajani. Kuoga ikabidi asubiri mpaka asikie kwamba Mama hayupo karibu, na Mama alikuwa karibu siku zote. Mtu mzima, baba wa watoto, akawa anapita ndani ya nyumba kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Halafu ikaja zamu ya chumba cha kunyolea.

"Mwambie mume wako," Mama Mkwe akamwambia bintiye, huku Mkasi amesimama pale pale anasikia, "nywele za watu zinaruka zinaingia kwenye chakula changu. Nywele za watu nisiowajua! Kiti kile kikae koridoni, upepo unapita. Chumba hicho na dirisha lake nataka kukikodisha kwa yule muuza vitabu anayepanga vitabu vyake hapo barabarani."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. "Umesikia?"

Alikuwa amesikia. Alitaka kusema kwamba chumba kile ndimo alimonyolea baba yake, kwamba dirisha lile ndilo linalomwonyesha kwa wapita njia, kwamba kinyozi asiye na kioo ni mtu tu mwenye wembe. Maneno yote hayo yalipanda mpaka kooni, yakakuta heshima imekaa mlangoni, yakarudi.

"Ndiyo kabisa, mama," alisema. Akakisukuma kiti chake koridoni. Kioo hakikung'oka, kikabaki ukutani.

Kuanzia hapo wateja walinyolewa wakitazama ukuta. Mmoja alitoka na sharubu upande mmoja ndefu kuliko mwingine, akagundua kwenye kioo cha pikipiki. Wengi hawakurudi. Kifungu alirudi, kwa kuwa yeye hakuja kwa ajili ya kioo.

"Vumilia," alisema. "Hata hii inasaidia. Hakimu akija kukagua atakuta kweli unaishi kwa watu."

"Ndiyo kabisa," Mkasi akasema, lakini safari hii sauti ilitoka nyembamba.

Siku ya kesi alivaa shati lililokunjwa likawa kama leso, likakunjuliwa. Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imemshukia puani, sauti ya mtu anayemwuliza mtoto kama amenawa mikono. Dada alikaa mbele na mkoba mapajani. Mama Mkwe alikaa nyuma kabisa, amependeza kuliko watu wote, maana alikuja kama mwenye nyumba.

"Nyumba inayodaiwa ni ya nani?" Hakimu akauliza.

Hili Mkasi alilifanyia mazoezi. "Mheshimiwa, mimi mwenyewe naishi kwa watu. Ni ya mama mkwe wangu. Nilimpa zawadi."

Kwenye benchi la nyuma Kifungu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ulimpa kabla ya kuletewa wito wa mahakama, au baada?"

Kifungu hakuwa amesema lolote kuhusu kabla na baada. "Baada, mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Kisha akavua miwani. "Nisikilize vizuri. Ulimpa kwa moyo mmoja? Au ulimwandikisha tu, ili dada yako akija kudai akose wa kumdai?"

Mkasi akageuza jicho nyuma. Mama Mkwe alikuwa anamtazama, ametabasamu, macho yana machozi yale yale ya siku ile. Kusema la pili ni kujiita mwongo mbele ya serikali. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kulisema mbele ya mama mkwe.

"Kwa moyo mmoja, mheshimiwa."

"Kwa hiyo ni yake, na huna mpango wa kumwambia airudishe?"

Mdomo wa Mkasi ukajibu wenyewe, kama ulivyojibu miaka yote. "Ndiyo kabisa."

Dada alipopewa nafasi hakusema mengi. Alisema alitaka chumba kimoja, akanyimwa kwa ajili ya sinki. Alipofika kwenye neno sinki mtu mmoja akacheka, Hakimu akamtazama, akaacha. "Bado sina pa kuweka cherehani," Dada akamaliza, akakaa.

Hukumu ilisomwa siku nyingine, chumba kimejaa. Hakimu alisema nyumba ni ya urithi, watoto ni wawili, na Dada anapata nusu yake. Kifungu akamnong'oneza Mkasi, "Subiri. Sasa anafika kwenye zawadi. Hapo ndipo atakapokwama."

Hakimu hakukwama. "Mdaiwa anasema nyumba si yake tena, kwa hiyo hakuna wa kuhukumiwa. Sheria haikubali mchezo huo. Mali ikiwa tayari iko mbele ya mahakama, ukimpa mtu, unampa pamoja na kesi yake. Aliyepokea anasimama pale pale ulipokuwa umesimama wewe, na hukumu itakayokupata wewe inampata na yeye, hata kama hakuitwa. Vinginevyo kila mdaiwa angebadilisha jina la mwenye mali kila asubuhi, na kesi zisingeisha hadi tuzikwe. Zawadi hii haimzuii mdai kuchukua nusu yake."

Kwa Mkasi lile neno lilikuja kama maji baridi kichwani siku ya joto. Ameshindwa, ndiyo. Lakini kama zawadi ni mchezo, basi zawadi haipo! Nusu moja kwa Dada, nusu moja kwake, kiti kinarudi ndani, na Mama Mkwe anarudi kwake kwa heshima zote bila yeye kusema neno lolote. Akasimama bila kuitwa.

"Mheshimiwa, asante sana. Kwa hiyo ile zawadi imekufa?"

"Nani amesema imekufa?"

"Si umesema..."

"Nimesema haimgusi dada yako. Kati yako na mama mkwe wako sijaletewa shauri, na hakuna aliyelalamika. Wewe mwenyewe umeniambia hapa, kwa kiapo, kwamba ulimpa kwa moyo mmoja na huitaki tena. Dada yako anachukua nusu yake. Ile nusu iliyokuwa yako, ni ya mama."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mkasi alibaki amesimama, mikono mitupu kweli kweli, kama alivyoahidiwa.

"Na mimi, mheshimiwa?"

Hakimu akafunga jalada. "Wewe ni mtoa zawadi," alisema.

Alipogeuka kumtafuta Kifungu, benchi lilikuwa tupu.

Nyumba ikagawiwa kwa korido. Dada alichagua mkono wa kushoto, kwa ajili ya chumba cha baba, na chumba cha kunyolea kikafuatana nacho, na kioo chake na dirisha lake, kabla muuza vitabu hajahamia. Mama Mkwe akabaki na mkono wa kulia, ambako Mkasi, mkewe na watoto walilala kwa hisani yake. Korido ikawa ya kupita wote. Kwa maneno mengine, mahali pekee ambapo Mkasi alisimama bila kuwa mgeni wa mtu ni pale ambapo hairuhusiwi kusimama, maana unazuia njia.

Watu walitegemea vita kati ya wale wanawake wawili. Wakangoja, wakachoka. Mama Mkwe alikwenda kwa Dada na kitambaa akamwomba amshonee mapazia, Dada akamshonea, wakagundua kwamba wote wawili wanapenda redio isikike kwa sauti kubwa. Basi redio ikawa inaimba kulia, cherehani inaitikia kushoto, na Mkasi katikati anajaribu kumsikia mteja ili ajue anakubali nini.

Asubuhi moja Kifungu akaja, kama ambaye hakuwahi kuondoka, akajitupa kitini. Mkasi akampaka povu. Akamnyoa nusu.

"Nimeliwaza jambo lako," Kifungu alisema. "Wewe bado una silaha. Hii korido! Haina jina la mtu. Hukumu imesema ni ya kupita wote, haikusema ni ya nani. Weka mlango hapo mbele, weka mwingine kule uani, funga. Watapita wapi? Watakuja kwako wenyewe wanapiga magoti. Iko kwenye kifungu."

Redio ikazimwa. Cherehani ikanyamaza. Mlango wa kulia ulikuwa wazi kidogo na wa kushoto wazi kidogo, na Mama Pacha, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama na ndoo yake.

Kifungu akangoja lile jibu lake. Hakungoja kwa wasiwasi, alingoja kama mtu anayengoja chenji.

Mkasi aliusafisha wembe kwenye kitambaa, upande huu na upande huu.

"Hapana," alisema.

Kifungu akageuka mzima mzima, wembe ukamkosa sikio kwa bahati yake. "Unasema?"

"Nimesema hapana. Geuka, inamisha kichwa nimalize."

Kifungu akainamisha kichwa. Hakutaja kifungu chochote hadi mwisho, akaondoka bila kuaga, amenyolewa vizuri pande zote.

Mlango wa kushoto ukafunguka. Dada alisimama pale na sindano mdomoni, akaitoa.

"Mdogo wangu, unaziba njia na hicho kiti chako."

"Nitakisogeza, Dada."

"Kisogezee ndani. Pale dirishani. Nataka chumba cha baba tu, nilikwambia tangu mwanzo, wewe ukang'ang'ana na sinki." Akaanza kurudi, kisha akageuka. "Lakini ni kwangu. Utapiga hodi."

Mkasi akakikokota kiti hadi mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na kwa mbali aliona kioo chake, na ule ufa wa pembeni, na ndani yake mtu aliyeshika kiti kama anayehama. Mama Mkwe alikuwa anachungulia kutoka kulia, kwa hiyo akaitazama sakafu kwanza. Kisha akakunja kidole, akagonga kwenye ubao wa mlango wa nyumba aliyozaliwa.

"Hodi," akasema.

Dada alimkawiza kidogo. Alikuwa na haki ya kumkawiza.

"Karibu," alisema, na cherehani ikaanza tena.